Kikundi cha wanawake cha mipango miji: jinsi ya kukifanya kisife mfadhili akiondoka

Hapa Dodoma vikundi vya kina mama wanaodai taa za barabarani, vyoo sokoni na njia za waenda kwa miguu vinaanza kwa kasi kweli, alafu mradi ukiisha simu hazipokelewi tena. Inaniuma sana, kwahiyo naandika tunavyofanya.

Hatua ya 1. Anzeni na hela yenu. Kila mwezi changeni kidogo kama kwenye kikoba, hiyo ndo inalipa nauli na vocha hata kama hakuna mfadhili. Kule London walikuwepo Matrix, wanawake wasanifu majengo, kazi zao nyingi zilitegemea hela ya serikali ya jiji, serikali hiyo ikafutwa 1986 na mwaka 1994 Matrix nao wakafunga. Ila Col·lectiu Punt 6 wa Barcelona, wanawake wa mipango miji, wapo tangu 2005, ni ushirika, wanafanya ushauri na mafunzo ya kulipwa. Nanyi mkishajua kukagua mitaa usiku, wapi pana giza na wapi si salama kupita, huo ni ujuzi, uuzeni.

Hatua ya 2. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2) hauna riba ila ni mkopo, unarudishwa, chukueni kwa biashara tu sio kwa posho za vikao.

Hatua ya 3, na hapa ndo wengi wanakwama: fuateni kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ukipeleka hoja ya taa mwezi wa tano wenzako walishagawana, kwahiyo mwaka ukiwa bado katikati hoja iwe imeshasemwa kwenye mkutano wa mtaa na ikaandikwa kwenye muhtasari, iende kamati ya maendeleo ya kata, diwani aibebe, na nyie muifuatilie mpaka muione kwenye kitabu cha bajeti. Mama akiona taa imewaka njia anayopita akitoka sokoni, mwezi ujao mchango analeta mwenyewe bila kukumbushwa.

Hatua ya 4. Kama mmesajiliwa NGO, ripoti na ada ya kila mwaka kwa Msajili msichelewe.

Hatua ya 5. Vikao vifuate ratiba ya kina mama, watoto waje nao. Na kila kazi wajue watu wawili, mweka hazina awe na msaidizi wanayepokezana daftari, mwezi huu mmoja, mwezi ujao mwingine, mweka hazina akihamia Singida kazi inaendelea.