SOMO: Kupokea michango ya wasomaji kwenye blogu yako ukiwa Tanzania

Wakuu, kila wiki naulizwa hili PM. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia linki hii. Blogu yangu ni ya kutengeneza cherehani, haina tangazo hata moja. Domeni na bando vinalipwa na wasomaji. Mshahara hautoki hapa, tusidanganyane.

1. Uwe na makala ambazo watu wanazirudia. Kama una tatu tu, kaandike kwanza.

2. Chukua Lipa Namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu. Nenda duka la mtandao wako na kitambulisho cha NIDA, mengine utaambiwa hukohuko.

Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo someni taratibu. Nilianza kwa kuweka namba yangu binafsi. Ukifanya hivyo, yeyote akijaribu kukutumia hela anaona jina lako kamili, na simu hailali. Halafu wanakuja wajanja: unapata meseji "Umepokea 45,000", inafanana kabisa na ya kweli ila imetoka namba ya kawaida. Dakika mbili baadaye mtu analia kwamba amekosea, hela ni ya mgonjwa, umrudishie. Hakuna kilichoingia, unarudisha hela yako mwenyewe!
ONYO: angalia salio, usiamini meseji.
ONYO: hata kama hela imeingia kweli, usirudishe kwa mkono. Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, wao ndio wenye kurudisha muamala.

3. Jilipe buku (elfu moja) kutoka laini nyingine uone jina linalotokea. Jina hilohilo liandike kwenye blogu, msomaji akiona tofauti anaghairi.

4. Ombi liweke chini ya makala. Juu bado hujamsaidia mtu. Sema hela inakwenda wapi, na taja kiasi kidogo: buku, buku mbili. Usipotaja, mwenye mia tano anaona aibu na mwenye elfu kumi anasubiri wengine waanze.

5. Kila mwisho wa mwezi andika jumla iliyoingia na ilivyotumika. Majina ya watu usiweke, wengine hutoa kwa siri.

MASWALI

Kijana wa Mjini: Mkuu unaingiza sh ngapi kwa mwezi?
Jibu: Rudia aya ya kwanza.

Mzee wa Fursa: PayPal vipi? Naona wazungu wanatumia Ko-fi.
Jibu: Ko-fi ni tovuti ya kuchangia watu tu, haikai na hela yako, inaipeleka kwenye huduma ya malipo, PayPal au Stripe. PayPal ya Tanzania inatuma tu, haipokei. Stripe haifungui akaunti ya huku. Wakenya wao wanapokea PayPal, na tangu 2018 wanaitoa hadi M-Pesa.

Mzee wa Fursa: Nikitumia akaunti ya shemeji yangu Nairobi?
Jibu: Hela itakuwa ya shemeji.

Bint Pangani: Samahani kaka, nina blogu ya mapishi, wasomaji wangu wengi wako Uingereza. Wananiuliza watume vipi, Lipa Namba haiwafai.
Jibu: Swali zuri, dada. Wao watumie huduma kama WorldRemit, inaingia moja kwa moja kwenye pochi ya simu. Sajili laini ya pili kwa jina lako, iwe ya kazi hiyo tu, na usiiweke hadharani. Anayetaka kuchangia akuandikie baruapepe, umpe namba. Jina lako mpe kama lilivyosajiliwa, herufi kwa herufi. Na muulize anapika nini huko: mimi nusu ya mada zangu zimetoka kwa waliochangia.

Mtaalamu255: Rahisi zaidi weka AdSense (matangazo ya Google), uwaombe wasomaji wabofye matangazo kukuunga mkono.
Jibu: Usimshauri mtu hivyo. Google wanakataza kuomba mibofyo, na akaunti hufungwa. Ukitaka kuomba, omba hela waziwazi.

Mwl wa Shamba: Vipi leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano? Nakumbuka ilikuwa milioni.
Jibu: Kumbukumbu yako iko sawa, mwalimu. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 ziliweka ada ya maombi laki moja na leseni milioni moja kwa mwaka. Zilibadilishwa 2020 na tena 2022, kwa hiyo usifuate makala za zamani, chukua kanuni za sasa TCRA uangalie blogu yako iko kundi gani. Wanaoandika habari wawe wa kwanza kuangalia.

Bint Pangani: Ahsante kaka. Mtu akinakili makala yangu na kubandika namba yake je?
Jibu: Yameshanikuta. Siku hizi Lipa Namba naiandika pia juu ya picha zenyewe, pembeni ya mkono wangu. Kuifuta ni kazi.

Fundi Kimara: Nje ya mada mkuu, cherehani yangu inaruka mishono tangu jana.
Jibu: Badilisha sindano kwanza, na uisukume hadi juu kabisa kabla ya kukaza skrubu. Ikikubali, Lipa Namba unaijua ilipo.