Fuata moshi

Ukienda Frontier Culture Museum pale Staunton, Virginia, ile makumbusho ya wazi yenye mashamba ya walowezi wa zamani wa Marekani na ya kule watu wake walikotoka, Ulaya na Afrika Magharibi, usianze kuzunguka nyumba kwa nyumba kama ramani inavyosema, simama kwanza uangalie dohani gani inatoa moshi halafu nenda hapo moja kwa moja. Moto hauachwi peke yake kwenye nyumba ya magogo, kwahiyo penye moshi kuna mtu anafanya kazi na unaweza kumuuliza maswali, pasipo na moshi mara nyingi ni kuta na vitanda tu. Mi nilimkuta mmama anaoka mkate kwenye sufuria zito la chuma, makaa chini na mengine juu ya mfuniko, yani vilevile tunavyopalia wali nyumbani, tukapiga stori hadi watoto wakachoka.

Siku za joto kali hii haisaidii sana, wengi wanakuwa nje bustanini, hapo sikilizia nyundo ya mhunzi. Na kwenye boma la Waigbo, wale watu wa Nigeria, usitafute dohani, hakuna, we ingia tu.