Jopo Limeshausoma Wasifukazi Wako

Intavyu yangu ya kwanza ya uhadhiri niliifanya mwaka 2019, katika chuo kimoja cha umma huku magharibi mwa Kenya. Nilitoka Kondele, mjini Kisumu, saa kumi na moja alfajiri, nikapanda matatu, na kuanzia Kiboswa hadi Chavakali midomo yangu ilikuwa ikicheza kama ya mtu anayesali. Nilikuwa nakariri jibu la swali moja: udhaifu wako ni upi? Jibu lenyewe nilikuwa nimeliokota mtandaoni. Nilipoulizwa, nikalitoa lilivyo: "Udhaifu wangu ni kwamba nikishika kazi sijui kupumzika."

Jopo lilikuwa la watu saba. Profesa mmoja aliyeketi pembeni, mzee aliyekuwa kimya tangu niingie, akafunua karatasi zangu polepole. "Hujui kupumzika," akasema. "Basi nionyeshe makala ya 2016, ya 2017 na ya 2018." Hayakuwepo. Miaka hiyo mitatu sikuchapisha hata aya. Wenzake wakacheka, si kwa ubaya, nami nikacheka nao, na kazi ikaishia hapo.

Haya ninayoandika, kuhusu kueleza udhaifu na uwezo wako mbele ya jopo la chuo, nimeyajifunza tangu siku ile, kwanza nikiwa mwombaji, na baadaye, mara chache, nikiwa mwakilishi wa idara upande wa pili wa meza. Mimi hufundisha isimu, yaani sayansi ya lugha, upande wa Kiswahili, kwa hiyo mifano yangu ni ya huko. Anayefundisha kemia au kilimo atabadilisha majina ya kozi tu.

Anza na kalamu nyekundu. Chapisha wasifukazi wako kwenye karatasi, kaa nao kama unavyokaa na mtihani wa mwanafunzi usiyemjua, na usahihishe. Zungushia kila mahali ambapo mtu mwenye shaka angesimama. Miaka isiyo na makala. Tasnifu iliyochukua miaka minane. Makala matatu, na yote jina lako ni la pili au la tatu. Hujawahi kusimamia mwanafunzi wa uzamili. Hujawahi kupata shilingi ya utafiti kutoka popote. Umefundisha kozi za mwaka wa kwanza tu, tena kama mhadhiri wa muda. Ukimaliza, hesabu miduara. Yangu ilikuwa sita.

Miduara hiyo ndiyo maswali ya udhaifu. Kwenye intavyu za chuo swali hili mara nyingi haliji na jina lake. Huja likiwa limevaa nguo nyingine: "Mbona ulichukua muda mrefu hivi kumaliza?" "Katika kozi za idara hii, ipi huwezi kuifundisha?" "Tukikuajiri leo, ni nini kitakusumbua mwaka wa kwanza?" Mtu aliyekariri jibu la "udhaifu wako ni upi" hupitwa na maswali haya bila kujua kwamba ndilo lile lile. Na wanaouliza hawatafuti habari. Udhaifu wako wameshauona kwenye karatasi. Wanachotaka kujua ni kama wewe mwenyewe unauona.

Usisahau pia kwamba mbele yao kuna vigezo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwongozo mwaka 2014 kuhusu nani anastahili cheo gani, na tangu hapo shahada ya uzamivu ndiyo imekuwa mlango wa kawaida wa uhadhiri. Kuna mjumbe ambaye kazi yake pale ni kujaza fomu. Ukimpa maneno yasiyoingia kwenye fomu, hata kama ni matamu, hana pa kuyaweka.

Sasa chagua mduara mmoja. Mmoja tu, labda na wa pili wa akiba. Chagua ulio wa kweli, unaoonekana, ambao tayari umeanza kuufanyia kitu. Kisha jibu kwa mpangilio huu: ni nini, kilitokeaje, umefanya nini hadi sasa, na ni nini bado hakijakaa sawa. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiacha, na ndiyo inayofanya jibu liaminike. Jibu langu la 2021, katika chuo kingine, lilikuwa hivi:

"Asante, Mwenyekiti. Kati ya 2016 na 2018 sikuchapisha. Nilikuwa mwalimu wa sekondari mwenye vipindi 27 kwa wiki, tasnifu naiandika usiku, na nikakosea kudhani kwamba makala yatangoja tasnifu iishe. Mwaka 2020 niliigawa tasnifu iwe makala matatu. Ya kwanza yamechapishwa, ya pili yako kwa wahakiki, ya tatu bado ni data. Ninaandika polepole, kila makala hunichukua karibu miezi minane. Kwa hiyo nimejiunga na wenzangu wanne, tunasomeana rasimu kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi."

Nilipojipima kwa simu, ilikuwa dakika moja na sekunde kidogo. Ikizidi dakika mbili umeanza kuungama, na jopo si kasisi. Nawajua walioulizwa kuhusu tasnifu iliyochelewa wakaanza na ugonjwa wa baba, wakaingia kwenye mgogoro wa shamba, wakafika kwenye msimamizi aliyehamia ng'ambo. Yote ni kweli na yote yanauma. Lakini mjumbe wa rasilimaliwatu anaangalia saa, na kuna waombaji wengine wanane kwenye benchi pale nje. Sababu ipewe sentensi moja. Na usimseme vibaya msimamizi wako, hata kama alikukalia sura ya tatu mwaka mzima. Ulimwengu wa vyuo vya huku ni mdogo kuliko stendi ya matatu ya Luanda, Vihiga. Huenda alisoma darasa moja na huyo anayekusikiliza.

Kuna udhaifu ambao haufai kutajwa kwa sababu ndio moyo wa kazi. Ukisema kusahihisha kunakuchosha, umejimaliza. Kila chuo kina kilio cha alama zinazopotea, mwanafunzi anafika wiki ya mahafali na kozi ya mwaka wa pili haina alama, na kila mkuu wa idara aliye mezani amewahi kufokewa na mzazi kwa jambo hilo. Vivyo hivyo usiseme hupendi madarasa makubwa. Hakuna madogo.

Kuna pia mambo ambayo si udhaifu kamwe, na hapa nasema na akina dada hasa. Watoto si udhaifu. Mimba si udhaifu. Kuolewa au kutoolewa si udhaifu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza mwajiri kukubagua kwa sababu ya jinsia au mimba, lakini wengi wetu huyatoa mambo haya wenyewe bila kuulizwa, kana kwamba tunaomba radhi. Ukiwa na pengo la mwaka mmoja kwa sababu ya uzazi, sema "nilikuwa likizo ya uzazi, nikarudi mwezi fulani na kazi hii," kisha endelea na kazi hiyo.

Upande wa uwezo ndio ulionitesa zaidi. Nimelelewa na bibi aliyeamini kwamba mtu hajisifu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukikulia Butere na methali hiyo, kusema "mimi ni hodari" mbele ya wazee saba ni kama kuvua viatu na kuvipanga mezani. Kwa hiyo nilikuwa nasema "tulifanya". Tulikusanya data, tulianzisha mradi, tuliandika. Mjumbe mmoja akaniuliza, "Na wewe binafsi ulifanya lipi?" Nikababaika.

Aliyenitoa huko ni mwalimu wangu wa zamani, mama mstaafu ambaye nilikwenda kumtembelea kwake Maseno na kilo mbili za ngege, yaani samaki wa tilapia, kutoka ufuo wa Dunga. Alinikalisha jikoni, akaniambia nisijisifu. Niseme tu kilichotokea, wapi, kwa watu wangapi, na nani anaweza kuthibitisha. "Sifa waachie wao," akasema. "Wewe toa hesabu." Nikajaribu: "Mama, mimi ni mwalimu mzuri." Akatikisa mwiko. Nikajaribu tena, na hii ndiyo iliyobaki:

"Muhula wa kwanza wa 2021 nilifundisha Fonolojia ya Kiswahili kwa wanafunzi 212, ukumbini pasipo na kipaza sauti. Niliwagawa vikundi, kila kikundi kikarekodi kwa simu mazungumzo ya sokoni kwao: Ahero, Mumias, Busia. Darasani tukasikiliza nani anasema 'samba' akitaja shamba, na kwa nini mfumo wa sauti wa lugha yake unampeleka huko. Alama zote ziliingia kwa wakati, haikupotea hata moja. Mkuu wa idara ameandika hayo kwenye barua iliyo katika faili langu."

Hapo hakuna neno "mzuri". Lakini fundisho limo, ukubwa wa darasa umo, alama zimo. Mjumbe mwenye fomu ana cha kuandika.

Kwa makala ya pamoja, tenganisha kazi: "Wazo lilikuwa la mwenzangu, mimi nilirekodi wauza samaki wa Dunga na Kibuye kwa miezi minne, nikanukuu na kuchambua sehemu ya pili." Kuwa mwandishi wa pili si aibu ukijua ulichobeba.

Lakini uwezo usio na pa kukaa haukusaidii. Kabla ya intavyu, itafute orodha ya kozi za idara ile, uone ni ipi imekosa mtu. Ratiba hubandikwa ubaoni. Ukipita karibu, simama uisome. Ukiona mhadhiri mmoja jina lake liko kwenye kozi sita, ujue pale kuna mzigo wanaotaka kuugawa. Piga simu kwa mtu uliyesoma naye ambaye yuko karibu na pale. Mimi niligundua kwamba aliyekuwa akifundisha fonolojia, lile somo la sauti za lugha, alikuwa amestaafu na kozi inafundishwa na mtu wa fasihi anayelalamika. Basi katika uwezo wangu wote, huo ndio nilioutanguliza. Uwezo wangu wa kutafsiri, ambao naupenda zaidi, niliuacha nyumbani.

Fanya mazoezi kwa lugha utakayoulizwa. Hata nafasi ya Kiswahili, jopo la huku mara nyingi huuliza kwa Kiingereza, na ukifika kwenye somo la mfano ndipo wanakugeuzia Kiswahili. Jibu ulilolizoea kwa lugha moja huvunjika ukilihamisha pale pale. Mimi nilimfanya dada yangu awe jopo zima. Yeye ni mshonaji, mambo ya isimu hayajui, na hilo lilisaidia: kila alipokunja uso, nilijua sentensi hiyo imejaa maneno ya kujificha. Na anza kila jibu kwa kumwelekea mwenyekiti, hata kama aliyeuliza ni mwingine. Ni adabu ndogo, lakini ukiikosa inaonekana.

Makaratasi nayasema kwa kifupi. Tangazo likidai vyeti vya Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uadilifu (KRA ya kodi, HELB ya mikopo ya elimu ya juu, DCI ya upelelezi wa jinai, EACC ya kupambana na ufisadi, na kampuni ya taarifa za mikopo), anza kuvitafuta mapema. Deni la HELB ni udhaifu ulioandikwa na mtu mwingine, wala hutapewa dakika moja ya kulieleza.

Wakikubishia jibu lako, usilibadilishe. Mwaka 2021 mjumbe mmoja aliniambia miezi minane kwa kila makala ni mingi mno. Kishawishi cha kusema "naweza kufanya kwa minne" kilikuwa kikubwa. Nikasema, "Ndiyo, ni mingi, mwaka jana ilikuwa kumi na miwili." Akaandika kitu. Sijui aliandika nini. Najua kwamba orodha ilipotoka jina langu lilikuwa la pili, wa kwanza akaikataa nafasi kwa sababu alikuwa amepata nyingine Nairobi, na barua ikaja kwangu.

Jambo la mwisho ni la jioni ya kuamkia intavyu. Wapigie simu waliokubali kuwa wadhamini wako, uwaulize: wakikuulizeni udhaifu wangu, mtasema nini? Wengi hawaulizi kwa kuogopa jibu. Lakini kama wewe utasema moja na wao watasema lingine, ni bora ujue usiku ule kuliko jopo kujua asubuhi. Mimi nilimpigia msimamizi wangu wa tasnifu saa mbili usiku. Alinyamaza kidogo, nikasikia taarifa ya habari nyuma yake. "Ningewaambia," akasema, "kwamba hujibu barua pepe zangu."

Nikafungua kompyuta. Zilikuwa nne, ya kwanza ya Februari.