Fomu 17 haingoji matanga: kugawana mapato ya pango na mwenzi wako Uingereza

Tuna nyumba ndogo tunayopangisha hapa Uingereza, kwa majina mawili, langu na la mama watoto. Mshahara wangu umeshavuka pauni 50,270, kwa hiyo faida ya pango nakatwa kodi ya mapato asilimia 40. Yeye anafanya shifti chache kwenye nyumba ya wazee, anakatwa 20. Faida yetu kwa mwaka ni kama pauni 12,000. Tukigawana nusu kwa nusu, kodi ni 3,600. Yeye akiwa na asilimia 90, ni 2,640. Hesabu ya darasa la tano.

Shida ni kwamba wanandoa wanaoishi pamoja wakiwa na nyumba ya majina mawili, HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya huku, huwahesabia nusu kwa nusu, hata kama hela yote ilitoka mfuko mmoja. Kubadili hilo kunataka Fomu 17 pamoja na ushahidi wa mafungu yenu ya umiliki. Na fomu lazima iwafikie ndani ya siku 60 tangu mlipotia sahihi. Iwafikie, sijasema muiposti.

Sisi tulisaini Februari. Hati ya wakili ya kuthibitisha mafungu ikachelewa, nikasema si neno, nitazituma pamoja. Mara mama mkwe akafariki, tukaenda Tanga, tukakaa mpaka arobaini. Nilituma Mei, ikarudi. Barua ya kueleza msiba haikusaidia kitu. Ukimkanyaga Mwingereza mguu, anakuomba radhi yeye. Tarehe yake ikipita, haombeki. Tukasaini upya Agosti, na mgawo mpya ukaanza siku hiyo ya Agosti. Haurudi nyuma hata kwa siku moja. Kwa hiyo hati kwanza, sahihi ya fomu baadaye, na posta siku hiyo hiyo. Narudia: msisaini fomu kama hati haipo mezani.

Na hamchagui asilimia mnayoipenda. Fomu inataja umiliki uliopo kweli. Kama mlinunua kwa ule mtindo wa mmoja akifa nyumba yote ni ya aliyebaki, hamna mafungu ya kutaja. Mvunje kwanza umiliki huo, kila mtu awe na fungu lake, kisha muandike wosia, maana fungu sasa linakwenda kwa warithi. Wenye mkopo waulizeni benki mapema. Mkibadili mafungu tena, fomu ya zamani imekufa. Nyumba ikiwa kwa jina moja tu, Fomu 17 haiwahusu.

Kaka yangu wa Morogoro alicheka sana kwenye simu: "Umempa shemeji nyumba!" Ndiyo, kaka, nimempa. Asilimia 90 ni zake kweli, hata tukiuza. Asiyeweza kumwandikia mkewe hivyo aendelee kulipa 40 kwa nusu yake, asitafute karatasi ya kuigiza. Na ninyi ndugu mnaotushauri "andika tu jina lake, nani atajua", nawapenda, lakini huku mpangaji hakati kodi ya zuio akakumalizia kazi. Unajitangaza mwenyewe kwa ritani, yaani fomu ya kutaja mapato yako ya mwaka, kila mmoja yake, mtandaoni kabla ya tarehe 31 Januari kupita. Na kama mnaishi huku kikodi, pango la ile nyumba yenu ya Kigamboni nalo kwa kawaida linaingia humo humo.