Jinsi ya kwenda Superdome ya New Orleans mara ya kwanza bila kuhangaika

Kwanza tuelewane, naongelea ule mpira wao Wamarekani wa kuvaa helmeti na kugongana, sio soka letu, ila hata kama hujui sheria hata moja we nenda tu, uwanja peke yake unalipa nauli. Ulifunguliwa Agosti 1975, kuba la chuma lenye upana wa mita 207 hivi na kimo cha mita 83, na ndani hamna nguzo hata moja ya kukuziba.

Tiketi ni za kwenye simu, za karatasi siku hizi hawana habari nazo, hivo ifungue kabisa ukiwa bado una wifi ya hotelini maana watu zaidi ya elfu 70 wakikusanyika pale getini mtandao unaanza kusuasua. Kama hela ni ya kuunga unga chukua siti za namba 600, ndo juu kabisa, wachezaji wanaonekana wadogo lakini unaona mchezo wote unavyopangwa, na kwa mgeni mi naona ni bora kuliko kukaa chini kwenye siti za bei mbaya ukawa unaangalia migongo ya watu. Begi liwe la plastiki linaloonesha vitu ndani, au kipochi cha saizi ya kiganja basi, mengine yote watakurudisha nayo. Beba kadi, keshi hawapokei. Na sweta usidharau, nje Septemba unatoka jasho ile mbaya alafu ndani ni AC mwanzo mwisho.

Gari achana nalo. Kutokea French Quarter, ule mtaa wa zamani wanakojaa watalii, ni kama dakika 20 kwa mguu, we fuata tu watu waliovaa nyeusi na dhahabu, hao ni mashabiki wa Saints, timu ya nyumbani. Fika mapema uione sanamu iliyoko nje, ya jamaa amejirusha kuzuia mpira. Stori yake ndo hii: Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipopiga, watu kwa maelfu walikimbilia humu, upepo ukachana paa, maji yakaingia, umeme ukakata, joto na uchafu vikawatesa siku kadhaa, na msimu ule Saints wakawa wanahangaika kwenye viwanja vya wenzao. Waliporudi nyumbani tarehe 25 Septemba 2006 dhidi ya Falcons, dakika za mwanzo tu Steve Gleason, ndo huyo jamaa wa sanamu, akaruka akazuia teke, mwenzake akaudaka mpira ikawa pointi, mechi ikaisha 23 kwa 3. Waulize wazee wa pale wakusimulie, wengine machozi yanawatoka mpaka leo.

Ukishakaa, angalia juu. Kuba zito vile linasukuma kuelekea nje muda wote, kwahiyo pale pembeni chini yake kuna pete kubwa ya chuma inayolizunguka na kulibana lisitanuke, kama pete ya chuma inavyobana mbao za pipa. Zamani katikati zilining'inia skrini kubwa za TV, na 1976 mpigaji mmoja anaitwa Ray Guy akabutua mpira ukazigonga! Na humu humu ndo Muhammad Ali alimchapa Leon Spinks, Septemba 1978, akawa bingwa wa uzito wa juu mara ya tatu, ile ya pili si ndo ya Kinshasa kwa Foreman.

Sasa kelele. Saints wakiwa na mpira watu wanatulia ili wachezaji wasikilizane, wapinzani wakiushika hapo ndo unapiga kelele mpaka koo likauke, ukikosea hapo watu watakugeukia. Paa lile linarudisha sauti yote chini, kama una mtoto mtafutie vizuia sauti vya masikioni.

Kutoka sa hivi ni rahisi kidogo, ukarabati uliokamilika 2024 umeondoa zile njia ndefu za mteremko wakaweka eskaleta. Ila Uber usiite pale mlangoni, bei inakuwa imepanda vibaya na dereva hata kukufikia hawezi, tembea kwanza mitaa kadhaa kuelekea Canal Street ndo uite.