Kabla ya kujengewa titi kwa roboti, muulize daktari haya

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Houston. Kina mama wanaozungumza Kiswahili, walioondolewa titi kwa saratani na sasa watajengewa jipya, wakishapewa habari ya roboti, hunishika mkono: "Dada, mashine ndiyo itanikata?" Hapana, mama. Mikono ya roboti haisogei mpaka daktari aisogeze, naye yumo humo humo chumbani.

Muulize kwanza: roboti itafanya sehemu gani? Upasuaji uitwao DIEP huchukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu, pamoja na mishipa yake ya damu, na kuyahamishia kifuani. Misuli inabaki tumboni. Kwa njia ya kawaida, daktari hupasua kwa urefu utando mgumu unaoshikilia tumbo ndipo aifikie mishipa. Roboti huifuata kwa ndani kupitia matundu madogo, na mpasuo wa utando huwa mfupi. Faida inayotafutwa ni hiyo: tumbo lisilegee wala kutoa ngiri. Kovu la nje, nyonga hadi nyonga, liko pale pale, usidanganywe.

Omba uonyeshwe picha zako za CT, zile za eksirei ya kompyuta zinazoonyesha mishipa ya tumbo. Roboti inafaa zaidi pale mshipa unapopita njia fupi ndani ya misuli. Muulize pia ameshafanya wagonjwa wangapi.

Kuondoa titi lenye saratani kwa roboti ni jambo lingine kabisa. Februari 2019, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba usalama wake haujathibitishwa. Soma fomu ya ridhaa uone unasaini lipi.

Kwa sheria ya mwaka 1998, bima nyingi zinazolipia kuondoa titi lazima zilipie kulijenga, na kulisawazisha la pili. Mkalimani ni bure. Usimbebeshe mwanao kazi hiyo. Sigara na shisha acha wiki kadhaa kabla, maana nikotini hubana mishipa.

Usiku wa kwanza hutalala vizuri. Kila saa nitakuja kubonyeza titi kwa kidole nione rangi inavyorudi, niliguse kama lina joto, nisikilize mlio wa damu kwa kifaa. Likigeuka buluu au kuwa baridi, namwita daktari hapo hapo, kwa kuwa mshipa ulioziba huokolewa ndani ya saa chache. Ukihisi linavimba au linabana, bonyeza kengele, usinionee haya. Na uje na gauni la kufungua mbele, kwani mikono hutaweza kuiinua.