Jiko la kuni ndani ya nyumba: namna ya kuliwasha na kukaa nalo salama

Watu wengi wakishafunga jiko la kuni ndani, namaanisha lile la chuma lenye mlango wa kioo na bomba la moshi linalopanda mpaka juu ya paa, wanachoogopa ni moto kuwa mkubwa. Sasa moto mkubwa angalau unauona. Wa kuogopa zaidi ni ule mdogo uliobanwa hewa, kuni zina maji, unafukafuka usiku kucha, huo ndo unaojaza bomba masizi na ndo unaotoa gesi inayoua watu usingizini. Kwahiyo ukinisoma narudia habari ya hewa kila saa usishangae.

Tuanze na kuni maana hapa ndo pa kuharibikia. Mti uliokatwa juzi karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji tu, ukiutia jikoni moto unamaliza nguvu kuchemsha hayo maji badala ya kukupa joto, moshi unakuwa mzito na wa baridi, unapanda kwenye bomba unaganda humo. Kuni ya kuchoma iwe na unyevu chini ya asilimia 20. Kuna vipimo vidogo vya mkononi vyenye sindano mbili, ila usichome sindano kwa nje, nje hukauka mapema na itakudanganya, chanja gogo kwanza halafu pima ule upande mpya wa ndani. Huna kipimo? Gonganisha vipande viwili, kavu inalia kwa ukali, mbichi inatoa mlio mzito uliozubaa. Angalia pia nyufa kwenye ncha, magome yanayobanduka yenyewe, na uzito mkononi.

Kukausha ni kazi ya subira. Chanja kwanza ndipo upange, gogo zima halikauki leo wala kesho, na miti migumu inaweza kuchukua hata miaka 2. Zisiguse udongo, weka juu ya fito au mbao, funika juu tu na pembeni acha wazi upepo upite. Unakuta mtu kazifunika na turubai mpaka chini, kazibana kabisa, halafu analalamika zimeota ukungu, sasa unyevu utokee wapi?

Na jiko sio jalala. Plastiki, mbao zenye rangi, plaiwudi, chipubodi, maboksi yale ya kung'aa, vyote hapana. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu ndo mbaya kabisa, nyingi za zamani zina arseniki na ukizichoma inabaki kwenye majivu na nyingine unaivuta.

Haya, kuwasha. Fungua matundu yote ya hewa na dampa ya bomba kama ipo, yaani kile kibati cha ndani kinachofungua na kuziba njia ya moshi. Wengi tumezoea karatasi chini na kuni juu, jaribu kinyume chake: magogo mawili matatu chini, juu yake za wastani, juu kabisa vijiti vyembamba na kiwashio, washa hapo juu. Moto unashuka wenyewe taratibu na moshi wa zile za chini inabidi upite kwenye ndimi za moto kwahiyo unaungua kabla haujaingia kwenye bomba. Moshi unapungua sana, utaona mwenyewe. Petroli, mafuta ya taa, spiriti, usithubutu hata tone, mvuke wake ndo unaolipuka na wewe umeinama na uso pale mlangoni.

Kuna siku utawasha moshi wote urudi sebuleni. Mara nyingi ni bomba limepoa, hewa nzito ya baridi imekaa humo imeziba njia. Washa kipande cha gazeti kilichokunjwa kishikilie karibu na tundu la bomba mpaka uone moshi unavutwa juu, ndipo uendelee. Fungua dirisha kidogo, na zima feni ya jikoni ile ya kuvuta moshi wa mapishi, kwenye nyumba iliyozibwa vizuri hiyo feni ina nguvu ya kuurudisha moshi wa jiko ndani.

Ukitaka kuongeza kuni usivute mlango ghafla. Ongeza hewa, fungua upenyo mdogo, ngoja kidogo moshi uvutwe, halafu fungua wote, tia kipande kimoja au viwili, funga. Kidogo kidogo mara kwa mara ni bora kuliko kulijaza. Acha hewa wazi mpaka kuni mpya zishike kabisa, ndo uanze kupunguza, kwa hatua. Ndimi zikiwa changamfu uko sawa, zikianza kulegea na kioo kinaingia weusi, umebana mno. Halafu toka nje tazama bomba, moto ukishakolea moshi unatakiwa uwe hafifu sana au usionekane kabisa. Mi naamini kule juu kuliko kipimo chochote. Na lile wazo la kulijaza magogo usiku na kufunga hewa yote ili kukuche bado lina moto, achana nalo.

Kinyume chake, ukiona chuma kinaanza kuwa chekundu, punguza hewa, usiongeze kitu, na usimwagie maji maana chuma cha kutupwa, kile kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye umbo, kinapasuka.

Ile gesi inayoua watu usingizini inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mnadhani ni mafua, ila mkiona mnaumwa wote kwa pamoja na mkitoka nje mnapata nafuu, basi tokeni nje wote mbaki huko na mwite msaada. King'ora cha moshi hakiisikii hii gesi, inataka king'ora chake. Weka kimoja chumba chenye jiko na kingine karibu na mnapolala, bonyeza kitufe cha kujaribu kila mwezi.

Vitu vinavyoshika moto vikae mita moja hivi kutoka kwenye jiko pande zote, ikiwemo nguo unazoanika na kikapu chenyewe cha kuni, hicho ndo husahaulika. Chini mbele ya mlango pawe na vigae au bati, cheche huruka. Kama kuna watoto weka uzio uliofungwa ukutani, sio wa kusimama tu.

Bomba lisafishwe na fundi angalau mara moja kwa mwaka. Moshi ukiganda unaacha utando mweusi wa kunata, kriosoti, ukifika unene wa milimita 3 hivi usiwashe tena mpaka usafishwe, maana huo utando wenyewe unawaka. Utando ukishika moto utasikia ngurumo kama treni inapita ukutani, cheche zinatoka juu. Funga mlango na hewa zote, toa watu nje, piga simu zimamoto. Hata moto huo ukizimika wenyewe usiliwashe jiko tena kabla bomba halijakaguliwa, linaweza kuwa limepasuka usipopaona.

Kagua pia kamba ya kuziba mlango. Bana karatasi mlangoni, ikichomoka kirahisi kamba imekufa, badilisha.

Mwisho majivu. Makaa huweza kubaki hai ndani ya majivu siku kadhaa, juu unaona kijivu kimepoa, ukichimbua kidole kimoja chini ni jekundu. Yatoe na koleo la chuma uyatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, ikae nje kwenye zege au udongo mtupu mbali na nyumba, isikae barazani juu ya mbao, na isibaki ndani kwasababu makaa yanaendelea kutoa ile gesi. Mashine ya kufyonza vumbi usiitumie kabisa. Jiko lisilo na wavu chini liachie tabaka la majivu la sentimita 2 hivi, linasaidia moto ujao. Yakishapoa kabisa unaweza kumwaga bustanini kidogokidogo, yanapunguza tindikali ya udongo, ila yawe ya kuni safi tu.